Tutakuambia Baadaye

Kwanza tuweke jambo moja sawa, maana watu wa mtaa ule liliwapiga chenga miaka nenda, miaka rudi: Fundi alikuwa kiziwi, hakuwa bubu. Sauti alikuwa nayo, tena nene, ya kutoka tumboni, na akikasirika ilivuka ukuta ikaenda kuwasalimu majirani. Aliyemwita Bubu alijua mwenyewe. Nguo yake ilikaa kabatini haijaguswa mpaka aje aombe radhi, na wapo waliokuja kuomba radhi asubuhi ya sherehe yenyewe, jasho likiwatoka, wakamkuta anakunywa chai taratibu.

"Mimi nani?" aliwauliza kwa ile sauti yake.

"Fundi."

"Haya. Ingia ndani, nikupime."

Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Cherehani yake iliupa mlango mgongo, jambo lililowashangaza wageni mpaka walipokiona kile kioo kirefu cha wateja kilichosimama mbele yake. Ndani ya kioo hicho aliuona mlango, akaiona barabara, akamwona kila anayeingia akiwa bado na uso wake halisi, kabla hajavaa uso wa salamu. Sheria za chumba zilikuwa chache. Ukitaka kumwita, gonga meza. Ukitaka kusema naye, mtazame. Ukiwa unatafuna, meza kwanza. Aliyeongea huku amegeukia barabarani hakujibiwa, na akinuna aliambiwa wazi kwamba midomo inasomeka, kisogo hakisomeki.

Aliishi na Mama yake, na huyo ndiye aliyemfanya mtu. Homa ilipompitia Fundi utotoni ikaondoka na masikio, wapo ndugu walioshauri mtoto afichwe chumba cha nyuma wageni wakija. Mama aliwafukuza ndugu hao, akamweka mtoto sebuleni, katikati ya wageni. Akaanza kumtungia maneno ya mikono. Chai ikapata alama yake, mvua alama yake, na kila mtu wa nyumba jina lake. Kaka yao mkubwa, aliyekuwa mtundu asiyeisha kuvutwa masikio, jina lake likawa kulivuta sikio. Mdogo wao wa kike aliyekataa kuacha kunyonya kidole, jina lake likawa kidole mdomoni. Baadaye Fundi alipopelekwa shule ya viziwi akarudi na lugha kamili ya alama, Mama alikaa naye likizo nzima akajifunza upya, vidole vikimkatalia, akicheka makosa yake mwenyewe. Kwa hiyo nyumbani mle kulikuwa na maongezi usiku na mchana, ya umbea, ya dini, ya bei ya vitunguu, na jirani aliyepita dirishani alidhani nyumba iko kimya.

Kaka hakujifunza. Aliondoka mapema kwenda mji mwingine, akapata kazi ya ofisini, akapata mke, tumbo na masharubu. Masharubu hayo yalikuwa balaa. Yaliufunika mdomo wa juu wote, na kuisoma midomo ya Kaka ilikuwa kama kuchungulia tundu la panya majanini. Alama alizozijua ni kula na njoo, na zote mbili alizifanya vilevile. Kwamba katika lugha ya nyumba ile yeye mwenyewe ana jina, hakuwahi kuambiwa, wala hakuwahi kuuliza. Mdogo, aliyeishi upande wa pili wa mji, alama alizijua zamani akaziacha zichakae. Siku hizi alizungumza na dada yake kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu.

Basi familia ile ikikutana mezani, mambo yalikuwa yaleyale. Mmoja anasema, mwingine anadakia, wa tatu anavunjika mbavu, na Fundi macho yake yanakimbia kutoka mdomo hadi mdomo, kila akifika mahali anakuta neno limeshaondoka. Akiuliza "Nini?" anainuliwa kiganja. Subiri. Tutakuambia baadaye. Na hiyo baadaye ikija, ikija, huwa imekauka kama kiporo. Kicheko cha nusu saa anapewa kwa maneno matatu: "Ah, mambo ya kazini." Akisisitiza anaambiwa halikuwa jambo la maana. Lakini wao lilikuwa limewatoa machozi!

Na Fundi, ukweli usemwe, alikuwa amezoea kujitetea kwa njia ya watu wote waliowekwa kando. Wakicheka, naye anacheka. Wakitikisa kichwa, naye anatikisa. Kicheko cha kuazima kinakuja nyuma kidogo ya vile vingine, macho yakikagua kama kimepokelewa. Alikichukia, lakini ukikaa mezani uso umenuna watu wanasema una kiburi, na mtu huchoka kuelezwa alivyo.

Sasa, mwezi uliotangulia habari hii, Mama aliteleza bafuni. Alikuwa mtu mzima sana, magoti yameanza kumgomea. Alilala pale chini akiita, na Fundi alikuwa mbele anashona mikunjo ya sketi za shule, mgongo umeelekea bafuni. Aliyesikia ni muuza mkaa wa nyumba ya pili, akaja mbio, akampita Fundi mlangoni bila kugonga chochote. Fundi alimwona kiooni akipita, akamfuata akiwa ameshika mkasi, amekusudia kumtoa mwizi. Akamkuta Mama yake sakafuni.

Mama hakuvunjika mahali. Fundi ndiye aliyevunjika kidogo, ingawa hakumwambia mtu. Kesho yake alinunua kamba ya kutosha, akaipitisha kwenye vipete vya mapazia kutoka bafuni, kupitia kitandani kwa Mama, kupitia mlango wa uani, mpaka juu ya kile kioo chake. Mwishoni akafunga kitambaa chekundu kilichokunjwa kwa fundo jepesi. Ukiivuta kamba popote, kitambaa kinafunguka na kuning'inia mbele ya macho yake. Mama aliipenda kamba ile kupita kiasi. Aliivuta kwa haja, akaivuta kwa chai, akaivuta kumwonyesha paka aliyekaa vibaya.

"Hii ni ya dharura," Fundi alimwambia kwa mikono.

"Na hiyo si dharura?" Mama alijibu. "Hebu mtazame huyo paka."

Habari ya kuanguka ilimfikia Kaka kwa simu, na Kaka akaja. Siku chache kabla ya ujio wake, Mdogo alileta kitambaa kizuri cha maua madogo, akamwambia Fundi amshonee Mama gauni la kutembelea.

"Anakwenda wapi?" Fundi aliuliza.

Mdogo alikuwa ameshageukia simu yake. Akainua kiganja. Baadaye.

Fundi akalishona. Alilishona vizuri, akaweka mfuko wa pembeni wa miwani na akaacha nafasi makwapani, maana Mama hakupenda kubanwa.

Jioni aliyofika Kaka walikula pamoja wote wanne. Kaka aliongea sana, mikono ikikata hewa. Mdogo alidakia. Fundi aliziona sura zikiwa nzito, kisha zikalegea, kisha Kaka akasema jambo masharubuni mwake likamfanya Mdogo acheke mpaka akamwagia chai suruali ya kaka yake. Fundi akacheka kile kicheko chake. Wakati anacheka macho yake yakaenda kwa Mama, aliyekuwa naye anacheka. Kulikuwa na kitu katika uso ule. Mama alikuwa amechelewa kidogo, macho yake yakiruka kutoka mdomo mmoja hadi mwingine. Kaka akainama, akamshika Mama mkono, akasema jambo refu. Mama akatabasamu, akatikisa kichwa kwa kukubali. Kaka akamgeukia Fundi, akasema lingine. Fundi akaona masharubu yakitembea. Alikuwa amechoka. Akatikisa kichwa naye.

Asubuhi suruali ya chai ilikuwa kwenye kamba ya nguo inachuruzika maji, na ile ya pili Kaka aliipasua matakoni alipoinama kufunga viatu. Alimletea Fundi huku amejifunga shuka la Mama kiunoni, akionyesha mpasuko na kucheka. Fundi akaipokea, akamwonyesha kwa vidole kwamba ataiongeza kidogo kiunoni pia, kwa heshima ya tumbo. Akaketi kuifumua. Ndipo katika kioo akamwona Mdogo akipita na sanduku kubwa.

Alilikuta limefunguliwa juu ya kitanda cha Mama. Ndani yalikuwapo magauni ya Mama, dawa zake, na juu kabisa lile gauni la maua madogo, limekunjwa vizuri. Mama hakuwepo, alikuwa uani akiota jua.

"Nini hii?" Fundi aliuliza kwa sauti.

Mdogo alishtuka, akainua kiganja.

"Usiniinulie mkono. Nini hii?"

"Tutakuambia, Dada. Ngoja kwanza tumalize—"

"Sasa hivi. Na unitazame."

Mdogo akaweka simu chini. Midomo yake ilisomeka vizuri, na kwa mara ya kwanza Fundi alitamani isingesomeka.

"Mama anahamia kwa Kaka. Gari linakuja mchana. Akianguka tena, Dada, wewe utasikiaje?"

"Nani kaamua?"

"Tumekubaliana sote. Jana, mezani. Mama mwenyewe kakubali, katikisa kichwa." Mdogo alisita. "Na wewe ulikuwepo. Kaka alikuuliza. Na wewe ulitikisa kichwa."

Fundi alirudi chumba cha mbele akakaa mbele ya kioo. Mama yake alikuwa ameuzwa mezani, na yeye alikuwa miongoni mwa waliouza, kwa kichwa chake mwenyewe. Akamfikiria Mama sakafuni bafuni, mdomo wazi, anaita. Sababu walikuwa nayo, hilo hakuweza kulikataa. Labda walisema kweli. Labda mtu kama yeye hafai kuachiwa mzee. Wazo hilo lilimkaa kifuani kama tonge lililokwama, na lingemkaa mpaka gari lije liondoke, kama asingeinua macho.

Kiooni aliiona sura yake. Akajaribu kile kicheko cha jana, taratibu, akijichunguza. Macho kwanza yanatafuta, tabasamu linachelewa, kichwa kinatikisika kufunga mjadala, isijulikane kwamba hukuufungua. Akakirudia. Na sura aliyoiona haikuwa yake tena. Ilikuwa ya Mama, jana, mezani.

Kicheko kile hujifunzi kama huna haja nacho. Mtu mwenye masikio mazima hacheki hivyo.

Akayarudisha mambo nyuma, moja moja. Redio ya Mama haikuwashwa tangu lini? Yeye angejuaje? Wao wawili walizungumza kwa mikono tangu zamani, na mikono ya Mama haikupungua neno hata moja. Kati ya watu wote duniani, masikio ya Mama yakizimika, wa mwisho kugundua angekuwa binti yake kiziwi. Na hawa wengine je, wenye masikio yao mawili mawili? Hawa ndio wangegundua, kama wangemtazama.

Hasira ilimpanda, na ilikuwa hasira nzuri, ya kusimamisha mtu. Fundi alichukua mkasi, akafumua mshono wa kati wa suruali ya Kaka. Akafumua wa paja la kulia. Akafumua wa kushoto. Akatoa na mkanda wa kiunoni. Suruali ilipokuwa vipande juu ya meza, akaenda uani kumwongoza Mama sebuleni, akamkalisha kwenye kiti chenye mwanga. Kisha akapiga sakafu kwa mguu mpaka vikombe vikaruka kabatini.

Kaka alitokea, shuka kiunoni, macho yamemtoka.

"Kuna nini? Suruali yangu iko wapi?" alisema, na Mdogo nyuma yake akafanya alama ya kuuliza.

Fundi akainua mguu mmoja wa suruali, ukaning'inia peke yake.

"Tutakuambia baadaye," alisema.

Mdogo alicheka bila kutaka, akauziba mdomo. Kaka hakucheka.

"Gari linakuja! Mwambie aache mchezo."

"Niambie mimi. Usimwambie aniambie," Fundi alisema. "Mchezo mmeuanza nyie. Keti hapo, mbele yangu. Mdogo, wewe utanisaidia masharubu ya huyu, nisiyoyaweza. Na hapa leo anaongea mmoja mmoja, uso wazi, mpaka tumalize. Anayetaka kuondoka aondoke. Mlango ule pale, na shuka hilo linakupendeza."

Mtu mwenye cheo ofisini kwake akaketi.

"Haya," Fundi alisema. "Mwulize Mama. Ulivyomwuliza jana."

Kaka alishusha pumzi, akamwinamia Mama, akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikatokeza. Fundi hakuwa anamtazama yeye. Alimtazama Mama. Macho yalitafuta. Tabasamu lilichelewa. Kichwa kikatikisika.

"Umeona?" Kaka alisema, na hilo Fundi alilisoma hata masharubuni. "Amekubali. Mbele yako."

Fundi akapiga magoti mbele ya kiti. Akasema kwa mikono, polepole, "Mama. Kaka amesema nini?"

Mikono ya Mama ilibaki mapajani. Mikono ile haikuwahi kukosa jibu. Mama alimtazama mwanawe wa kiume, akamtazama wa kike, akakitazama kile kiti alichokalia kana kwamba kingemsaidia.

"Sijui," mikono ilisema hatimaye.

Mdogo alitafsiri kwa sauti ndogo.

"Tangu lini?" Fundi aliuliza.

"Siku nyingi. Kidogo kidogo. Kwanza majogoo. Halafu redio. Halafu watu."

"Haiwezekani!" Kaka alisema. "Kila Jumapili tunaongea kwenye simu!"

Mama alipotafsiriwa hayo alicheka, na safari hii kilikuwa kicheko chake mwenyewe, hakikumsubiri mtu.

"Yeye ndiye anayeongea. Simu ikitetemeka napokea, nasema sijambo, ndiyo, Mungu akubariki mwanangu. Anaongea weee, akichoka anakata. Hajawahi kuona tofauti."

Hapo Mdogo hakucheka. Kaka alijifunga vizuri shuka ambalo halikuwa limelegea.

"Mimi nakaa nawe kila siku," Fundi alisema. "Kwa nini hukuniambia hata mimi?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya kuwa..." Mikono ilianza, ikasimama. Kidole kimoja kilikuwa kimeshanyooka nusu, kikimwelekea Fundi, na Mama alikiona akakirudisha haraka. Lakini jambo lilikuwa limeshaonekana.

"Kama mimi," Fundi alimalizia.

Iliuma. Tusidanganyane, iliuma mahali ambapo Bubu zote za mtaa hazikuwahi kufika. Huyu ndiye aliyewafukuza ndugu waliotaka kumficha. Huyu ndiye aliyemwambia kila siku kwamba hana kasoro, kwamba dunia ndiyo isiyojua kuongea. Kumbe miaka yote ile, ndani kabisa, mahali ambapo hata yeye hakupatembelea, Mama aliliogopa jambo lenyewe. Machozi yalimjia Fundi, akayaacha yatoke mbele ya wote, maana kuyaficha kungekuwa kukubali kwamba kuna cha kufichwa.

Kisha akajifuta kwa kipande cha suruali ya Kaka kilichokuwa bado begani kwake.

"Kama mimi," alirudia kwa mikono. "Basi karibu, Mama. Ingia ndani, nikupime."

Mama alimkodolea macho. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, akacheka huku analia, akamvuta Fundi kichwa akakibana kifuani pake. Walikaa hivyo kwa muda, na waliobaki walingoja zamu yao ya kuelezwa.

Alipojinasua, Fundi aliuliza lililobaki. "Unataka kwenda kuishi kwa Kaka?"

"Nani anakwenda?"

"Wewe. Leo. Gari linakuja. Sanduku lako limefungwa."

Mama akageuka, akaliona sanduku mlangoni. Alinyanyuka kwenye kiti kile bila kushikwa mkono, magoti na ugomvi wao wote, akalivuta sikio lake mara mbili kwa nguvu, akamnyooshea Kaka kidole, na mikono ikaanza kwenda kasi hata Fundi mwenyewe alilazimika kuongeza umakini. Mdogo alihangaika kutafsiri.

"Anasema... anauliza kwako ataongea na nani. Wewe hujui alama, mkeo hajui, watoto hawajui. Anasema utamkalisha kwenye kochi zuri, mumpe chakula kizuri, awe anatikisa kichwa mpaka afe. Anasema... hilo lingine sitafsiri."

"Litafsiri," Fundi alisema.

"Anasema wewe ni mjinga, Kaka."

Kaka hakuwa mtu mbaya, tumpe haki yake. Alikuwa amesafiri siku nzima kwa ajili ya mama yake, na chumba alikuwa amekipaka rangi. "Lakini akianguka," alisema, akimtazama Fundi sasa, midomo akiifungua sana kama anayemwonyesha daktari koo, "utajuaje?"

Fundi alimgusa Mama, akamwonyesha kamba iliyopita ukutani. Mama akainyooshea mkono, akaivuta. Kupitia mlango uliokuwa wazi wote wanne walikiona kitambaa chekundu kikianguka mbele ya kioo.

"Hiyo ndiyo iliyonikwaza jana," Kaka alisema.

"Ndiyo hiyo. Hukuuliza ni ya nini." Fundi alisema kwa sauti, kwa mikono vilevile, Mama asipitwe. "Siku ile sikumsikia. Kweli. Nitaikumbuka mpaka kufa, huna haja ya kunikumbusha. Lakini kwako akianguka utakuwa ofisini. Na ukifika, ukimwuliza ameumia wapi, akikueleza kwa mikono, utaelewa nini? Mimi nikimfikia nitajua anaumwa wapi. Wewe utamwona anatabasamu."

Nje gari lilikuwa limeshafika na kupiga honi, likapiga tena. Wanawake wawili wenye nyumba hawakugeuka hata kidogo. Kaka aliinuka nusu, akajikagua kiunoni, akaketi tena. Ikabidi Mdogo atoke kumwambia dereva kwamba hakuna anayesafiri.

Kaka hakuomba msamaha siku ile. Wanaume wa namna yake huombea msamaha pembeni, kwa kubeba vitu. Alilibeba sanduku kulirudisha chumbani, akatoa nguo moja moja akazipanga kabatini vibaya. Kamba ilipokuwa imelegea karibu na bafu, alipanda kiti akaikaza. Mama alilivaa gauni la maua madogo, kwa sababu lilikuwa zuri na kwa sababu lilikuwa lake, akaenda nalo uani kuota jua.

Fundi aliketi kuiunga suruali. Alasiri Kaka alikuja mlangoni mwa chumba cha mbele, Mdogo nyuma yake, akasimama. Akamwona dada yake anamwona kiooni. Akakumbuka, akagonga meza. Kwa vidole vinene visivyojua kazi hiyo akachora hewani kitu kama miguu miwili.

"Anataka suruali," Mdogo alisema.

"Nimeelewa. Mwulize ni ya nani."

"Ya nani?" Kaka alijinyooshea kidole kifuani. "Yangu!"

"Sisi hapa watu tunawaita kwa majina," Fundi alisema, na akalivuta sikio lake.

Kaka hakuelewa. Mdogo akamweleza, kwamba hilo ndilo jina lake, tangu utoto, kwamba katika nyumba hii hajawahi kuwa na lingine. Uso wa Kaka ulipita katika hatua kadhaa.

"Kila mkinitaja? Miaka yote? Mbele ya wageni?"

"Mbele ya wakwe zako," Mdogo alisema, na wakavunjika mbavu, Fundi akigonga meza kwa kiganja, Kaka mwenyewe akishikilia shuka lisimwaibishe.

Kitambaa chekundu kikaanguka.

Fundi alitupa suruali, akakimbia, na wengine nyuma yake. Mama alikuwa amekaa salama kwenye kiti chake uani, kamba mkononi. Kupitia mlango alikuwa amewaona mabega yakitikisika.

"Mnacheka nini?" aliuliza.

Kaka aliuliza amesema nini, akaambiwa. Na mkono wake ukaanza kuinuka wenyewe, kiganja mbele, kama ulivyozoea. Ulifika kifuani. Hapo akauona. Akautazama mkono ule kana kwamba si wake, halafu akaupeleka taratibu kwenye sikio lake, akalivuta, akajinyooshea kidole, akainua mabega kuuliza.

Mama alicheka kabla ya watu wote.